Mavyaa Aliniita Katikati ya Utafiti, Nami Sikuitika

Bi Salha mpendwa, naomba msaada wako, na kabla sijaanza naomba pia unibadilishie majina yote, maana huku kwetu Magogoni gazeti likiingia nyumba moja asubuhi, adhuhuri limeshafika nyumba ya kumi na kila mtu ana maoni.

Sikuandikii kwa shida ya ndoa, alhamdulillahi mume wangu Ismail ni mtu mwema, anafanya kazi jikoni katika hoteli moja kule Shelly Beach na huja nyumbani mwisho wa wiki, na mavyaa wangu, Bi Mwanatabu, mamake Ismail, ambaye ndiye ninayeishi naye siku zote hizo mume akiwa kazini, ni mama ambaye wenzangu wananionea wivu, hajawahi kunipandishia sauti, hajawahi kufunua sufuria yangu akauliza chumvi iko wapi, na nilipotaka kurudi chuo baada ya harusi na watu wakaanza kunong'ona, yeye ndiye aliyemwambia mwanawe, "Mke msomi si hasara, mwache asome." Kwa hivyo nielewe, Bi Salha, silalamiki juu ya mtu, nalia na nafsi yangu mwenyewe.

Niko mwaka wa tatu chuo kikuu, nasomea mambo ya kompyuta, na muhula huu tuna somo la utafiti juu ya watu na mashine, yaani hatuangalii sana kompyuta inafanya nini bali mtu anahangaika nayo vipi, kidole chake kinakwenda wapi, anakwama wapi, anaudhika wapi, na wallahi ndilo somo ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu ndilo pekee lenye watu ndani yake. Mwalimu wetu, Daktari Kadenge, alitutaka kila wanafunzi wawili watengeneze programu ya simu kwa ajili ya watu wenye shida ya kweli, kisha wawape watu hao waijaribu huku wao wakiangalia na kuandika. Wenzangu walikwenda kutafuta watu sokoni na vivukoni, mimi sikwenda mbali, nilimfikiria mavyaa.

Maana ilikuwa kila alasiri nikirudi chuo, hata buibui sijavua vizuri, nasikia "Johari!", naitika "Abee, Mama!", naambiwa njoo unisomee ujumbe huu, macho yangu hayaoni, wala sijui nibonyeze wapi. Basi naketi naye mkekani barazani, namsomea, na hicho kikundi chao cha kina mama kina maneno, Bi Salha, walibishana wiki nzima juu ya rangi ya leso za sare za harusi moja ya Bombolulu, na mimi ndiye niliyeusoma ubishi wote kwa sauti, yeye akichambua mchicha akinituma nijibu, "Mwandikie huyo anayetaka manjano, mwambie tunakwenda harusini, hatuendi kuuza ndizi." Ujumbe mmoja ungetutoa hapo ukatupeleka kwenye harusi yake yeye, na mamake, na nani aligombana na nani, mpaka tunasikia adhana ya magharibi. Sitakuficha, siku nyingine nilikuwa na kazi nyingi za chuo nikiguna moyoni, nikajiambia nikimtengenezea programu nyepesi, yenye herufi kubwa na inayosoma ujumbe kwa sauti, mama atajitegemea, nami nitapata wakati wangu. Nia ilikuwa njema.

Tukaitengeneza mimi na mwenzangu Maryanne, msichana wa bara aliyepanga chumba Bombolulu, tukawaalika kina mama wa mtaa waje kuijaribu, na hapo hapo tukakwama, kwa sababu hakuna aliyesema baya. Jirani yetu mmoja aliishika simu juu chini akasema mashallah, kazi nzuri, Mungu awazidishie. Watu wetu unawajua, umewakaribisha kwako, umewapa chai na mahamri, wataanzia wapi kukukosoa? Daktari Kadenge alipoona karatasi zetu zimejaa sifa tupu alicheka, akatwambia ndiyo maana kuna njia ya kufikiri kwa sauti, mtu anatumia simu huku akitamka kila kinachompita akilini, kizuri na kibaya, bila kuchuja, nawe mtafiti huna ruhusa ya kutamka neno. Hilo alilisisitiza sana. "Mtafiti ni ukuta," alisema. "Ukimjibu, ukimsaidia, hata ukitikisa kichwa, umeharibu." Na mtu akikuuliza kitu unayo sentensi moja tu ya kumsomea kutoka kwenye karatasi, hiyo hiyo kwa watu wote: "Tafadhali endelea kusema unachofikiri."

Ikafika zamu ya mavyaa. Nikamketisha, Maryanne akaweka simu yake irekodi, nikamwambia, "Mama, leo hakuna adabu. Sema lolote linalokupita, hata baya."

"Hata baya?"

"Hata baya, Mama."

"Haya. Maryanne, wewe ni shahidi."

Akaanza na ya kawaida, herufi hizi nzuri, rangi hii yaniumiza macho, huyu anayesoma sauti yake kama ana mafua, tukacheka kimoyomoyo mimi na Maryanne. Kisha kidole chake kikasimama, akawa anasema polepole bila kuniangalia:

"Hapa ni pa kusoma. Hapa ni pa sauti. Napajua. Hata kwenye simu yangu napajua. Hiyo simu yangu naijua tangu Ismail aliponinunulia, naisoma, naiandikia, na miwani yangu i chini ya mto. Najifanya sijui. Mtoto wa watu arudi chuoni amechoka, akishaingia chumbani na kompyuta yake ndio hatoki tena. Nikimwita aje akae nami bure, nitakuwa mavyaa mwenye nongwa. Nikimwita anisomee ujumbe, huja, na akija huketi. Sasa amenitengenezea kitu cha kunifanya nisimwite. Na kitu chenyewe kizuri, masikini. Nikikiweza, ndio basi tena."

Halafu akaniita. "Johari!"

Bi Salha, abee ilifika kwenye ulimi nikaimeza. Karatasi iko mkononi, rekodi inakwenda, nakumbuka ukuta, nakumbuka nimeharibu washiriki wangapi kwa adabu. Akaniita tena, "Johari, wanisikia?" Nami, Mungu anisamehe, nikainamisha macho nikasoma, "Tafadhali endelea kusema unachofikiri."

Akasema, "Basi, nimemaliza kufikiri." Akazifanya kazi zote za majaribio zilizobaki kwenye simu mfululizo, hakukosea hata moja, akaturudishia simu, akamwambia Maryanne asiondoke bila chai. Tulipotoka nje Maryanne alinishika mkono akasema, "Si ungemjibu tu, msee! Mimi karibu nilie, walai."

Tangu siku hiyo haniiti. Na hana hasira, hilo ndilo linaloniua, angekuwa na hasira ningejua pa kuanzia. Ananipokea kwa uso mkunjufu, chakula amenifunikia, lakini nikisogea barazani ananiambia, "Nenda kasome mwanangu, mimi najiweza," na amevaa miwani yake mchana kweupe, anawajibu kina mama kwa kidole chake mwenyewe. Wakati niliokuwa nikiutaka sasa ninao wote, naketi chumbani na kompyuta, sisomi kitu, namsikia akicheka peke yake huko nje na simu, nami hata sijui ule ubishi wa leso uliishia wapi.

Chuoni nako, Daktari Kadenge amefurahi kupita kiasi. Rekodi hajaisikiliza, amesoma karatasi zetu tu, akasimama mbele ya darasa akasema kuna mshiriki wetu mmoja alikuwa hawezi lolote bila msaada, na leo hamhitaji mtu, sasa hayo ndiyo matokeo, akataka wiki ijayo tuyawasilishe mbele ya wote na maneno ya mama yasomwe, kwani Maryanne alimwambia huyu hakuchuja hata neno. Wenzangu wakapiga makofi na mimi nikatazama meza.

Sasa nifanye nini, Bi Salha? Nikimwambia nilimsikia nitamwaibisha, mama wa heshima yake aonekane alikuwa akiomba mtu wa kukaa naye. Nikinyamaza, atabaki akijua nilimsikia nikamdharau. Na hiyo kazi ya chuo niiwasilishe au niifiche, na Maryanne naye alama zake zimo humo humo? Mimi nampenda mama huyu. Nataka aniite tena, hata kwa ujumbe wa kampuni ya simu, nitausoma.

Wako,
Mkaza mwana wa Magogoni


BI SALHA ANAJIBU

Mwanangu mkaza mwana, waogopa maneno ya mama wa watu yasisomwe mbele ya darasa moja, kisha umeyabeba umeniletea mimi yasomwe kuanzia Likoni mpaka Kisauni! Haya, yameshafika. Majina nimeyabadilisha yote kama ulivyoomba, na mtaa huenda nimeubadilisha pia, anayetaka kukisia na akisie.

Nilipofika pale ulipoitwa mara mbili, niliiweka barua chini nikasema, "Aka!" Mavyaa akuita kwa jina lako, wewe wamsomea karatasi? Hata ile sauti ya kwenye simu inayotwambia tusubiri, wahudumu wote wana shughuli, ina huruma kukushinda wewe siku ile. Ungekuwa karibu yangu ningekufinya, na ungestahili.

Nimeshakugombeza, sasa futa machozi. Hujavunja nyumba. Uliyemkosea yu hai, yuko hatua chache kutoka hapo ulipoketi ukinung'unika, na chakula bado anakufunikia. Wangapi wananiandikia hapa wanaotamani mavyaa kama huyo!

Mwalimu wako sitamlaumu. Njia yake ni nzuri, tena kwa watu wa pwani yafaa mara mbili, maana sisi kwa kusifu tusichokipenda hatuna mpinzani, mimi mwenyewe nimekula biriani mbovu nyumba za watu nikaomba niongezwe. Lakini ukuta ulitakiwa uwe ukuta mama alipokuwa akisema na simu. Alipotamka jina lako hakuwa tena akisema na simu, alikuwa akisema na wewe. Utafiti ulikwisha pale pale, rekodi iendelee isiendelee. Hilo halikuhitaji daktari wa chuo kukufundisha, ulilijua tangu unajifunza kuongea.

Halafu waniambia ukikiri kuwa ulimsikia utamwaibisha. Bado hujamfahamu mama huyo. Wadhani maneno yalimponyoka? Mtu anayeuliza "hata baya?", akajibiwa, kisha akaweka na shahidi, huyo ulimi haujateleza. Mama wa umri wake hawezi kumwambia mke wa mwanawe, "Kaa nami, nyumba yanielemea." Hatukulelewa hivyo. Akisema, kesho mtaani ataitwa mavyaa asiyempa mwari wa watu nafasi ya kupumua. Kwa hivyo alitafuta njia yenye sitara, kila siku ujumbe mmoja, na ilimfaa. Siku hiyo wewe mwenyewe ukamwambia leo hakuna adabu, naye akakuamini. Alitaka usikie, mwanangu. Kama kuna aibu aliyoipata, aliipata ulipomjibu kwa karatasi.

Na kuna jambo hukuliona kabisa, nawe ndiwe mtafiti. Baada ya wewe kumsomea karatasi yako, mama huyo angeweza kuendelea kujifanya hajui. Angebonyeza ovyo, angelalamika macho, kazi yenu ingeanguka na yeye angebaki na alasiri zake. Amejifanya kwa muda wote huo, kulikuwa na ugumu gani kujifanya mara moja zaidi? Lakini alikaa akafanya kila mlichomtaka, hakukosea hata kimoja. Alijua akifanya hivyo anapoteza nini, alikuwa ametoka kulisema kwa mdomo wake. Alifanya ili wewe upasi. Hata sasa akikwambia nenda kasome, wewe wadhani amekupa mgongo, kumbe ni yule yule aliyesema mke msomi si hasara, anashika neno lake.

Sasa nisikilize. Usingoje hiyo wiki ijayo, wala usingoje Ismail aje umtume akuombee, mambo ya wanawake wawili hayataki tarishi. Leo ukitoka chuo, kompyuta ibaki chumbani, uende barazani bila kuitwa. Uombe radhi kwa jambo moja tu: "Mama, siku ile uliniita sikuitika. Niwie radhi." Uishie hapo. Usianze hotuba ya upweke, usilie mpaka iwe kazi yake kukubembeleza, na tafadhali sana usimwambie, "Kumbe ulikuwa ukijifanya." Anajua kwamba wajua. Wala usimwombe arudi kujifanya, miwani ikishatoka chini ya mto haina haja ya kurudi. Mlikuwa mkisoma kwa macho ya mtu mmoja, sasa mtasoma wawili, na ubishi utakuwa mtamu zaidi.

Siku ukiwa na mtihani, mwambie kwa mdomo, "Mama, leo nitakaa kidogo tu, nina mtihani." Usigune moyoni. Watu wazima tunasikia mguno hata ukiwa moyoni, na ukweli uliosemwa kwa adabu hautuudhi.

Kazi ya chuo nayo usiifiche, ila maneno ya mama ni mali yake. Aliridhia kujaribu simu, hakuridhia kusomwa mbele ya vijana wasiomjua. Kwa hivyo muulize, lakini si siku ile ile ya radhi, asije akaona umeomba radhi kwa ajili ya alama. Kaa naye kwanza. Siku nyingine mwambie Daktari angependa maneno yako yasomwe, wasemaje? Akikataa, rekodi ifutwe mbele ya macho yake, na mshiriki huyo mumtoe kwenye utafiti wote, na mumweleze mwalimu kwa nini. Mwalimu anayewafundisha kuwaheshimu watu mnaowachunguza hawezi kukukasirikia kwa kuwaheshimu. Maryanne naye nimemwona kwa maneno yake machache, binti huyo ana moyo, atakuelewa. Mama akikubali, basi yasomwe yote, pamoja na pale alipokuita na wewe ulichomjibu. Ukisoma yake ukaficha yako, umerudia kosa.

Na akubali asikubali, ile sentensi ya kwamba programu yenu imemfanya mama asihitaji msaada iondoe leo hii, kwa sababu si kweli. Hakuwahi kuuhitaji. Mnayemtafuta ni yule jirani aliyeshika simu juu chini akawaombea Mungu awazidishie. Rudini kwake, yule ndiye mwenye shida, na safari hii msimpe mahamri mpaka aseme ubaya wa kitu.

Sasa jitayarishe, maana nawajua kina mama wa namna hiyo, na mimi ni mmoja wao. Atakuona umekuja bila kuitwa, atakutazama juu ya miwani, atakuuliza, "Leo huna kazi ya chuo?" Usimwambie huna. Mwambie, "Ninayo, Mama. Nimekuja kukaa nawe." Kisha keti, na usiwe wa kwanza kuinuka.